"Had" ya Mama Notburga

Kila Jumamosi Oliva, mwalimu wa sekondari, alitoka Majengo kwenda Mshangano kumfundisha mama yake Kiingereza. Hakukosa hata siku moja, na sababu aliijua mwenyewe. Mama aliacha shule kidato cha pili kwa ajili ya mimba, na mimba yenyewe ndiyo yeye. Shangazi Adela ndiye aliyeropoka, Oliva akiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo jambo hilo lilimkaa rohoni.

Leo walikuwa wanapukuchua mahindi, daftari katikati yao. Mama Notburga, miaka arobaini na sita, alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne. Na mbishi huyo! Jamani, mbishi.

"Mambo mawili yamepita, Mama," Oliva alieleza. "Lililotangulia ndilo linalobeba 'had'. Kama vile 'nilikuwa nimeshakula'. Haya, tunga sentensi."

Mama akapangusa mikono, akaandika taratibu, ncha ya ulimi nje:

When I got pregnant, I had already left school.

Oliva akasoma. Akashika kalamu nyekundu.

"Umegeuza, Mama. Hapa umesema ulikuwa umeshaacha shule, ndipo ukapata mimba. 'Had' iende kwenye mimba."

"Ikafanye nini huko?"

"Si ndiyo iliyotangulia?"

"Nani kasema?"

"Shangazi Adela."

"Adela!" Gunzi likarushwa mpaka uani. "Adela alikuwa Peramiho wakati huo, anajua nini? Niliacha kwa kiburi changu. Mwalimu alinichapa mbele ya darasa zima kwa sababu ya hii hii 'had', nikatupa daftari nikaenda zangu nyumbani. Nimelima na bibi yako mwaka mzima, ndipo nikakutana na baba yako."

Kabla hajamaliza, Oliva alikuwa ameshaanza kulia.

"Kwa hiyo si mimi niliyekuharibia?"

"Uniharibie wewe? Miaka yote hiyo ulikuwa umebeba hilo, mwanangu? Mbona hukuniuliza? Wewe ndiwe uliyenirudisha shule!"

Akamvuta, akamfuta machozi kwa kitenge kilichojaa makapi ya mahindi. Macho yakazidi kuwasha, wote wawili wakacheka. Kisha mama akalisogeza daftari.

"Haya, mwalimu, basi. Nipe vema yangu."

Oliva akaiweka, kubwa, nyekundu, mpaka karatasi ikatoboka.