Eda Yangu Nizwa

"Nisomee tena hapo, penye Wachecheni," akasema Zuhair, na mie, mke aliyekwisha kuachwa, nikasoma.

Nilikuwa nimejifukiza udi mpaka nywele zinanukia. Msinicheke. Talaka yangu ilikuwa ya rejea, na sharia inataka mke akae eda nyumbani kwa mume, ajipambe akipenda, huenda moyo wa bwana ukalainika. Neno moja tu lingenitosha: nimekurejea. Basi nikabaki kwake Nizwa, huku Omani, nikimpikia bokoboko alipendalo, nikimngojea.

Kisa ni mtoto. Miaka ilipita, sikushika mimba. Hakunitukana wala hakunipiga. Aliniacha kwa adabu, na wallahi adabu ile iliniuma kuliko kofi.

Zuhair husomesha isimu chuoni. Wakati ule alikuwa akitayarisha mhadhara juu ya lugha za Kaukazi ya mashariki, na macho yake mabovu, tangu anioe mie ndiye msomaji wake. Kwa Wachecheni, nikasoma, akiketi mmoja kuna kitenzi chake. Wakiketi wengi, mzizi wenyewe hubadilika. Na mtu akimtenda mwenziwe, kitenzi hakiulizi watendaji ni wangapi. Huwahesabu waliotendwa.

"Makubwa!" nikasema. "Yaani aliyefanya hatazamwi?"

"Hatazamwi."

Akavua miwani, akaniangalia uso wangu kwa muda. Leo atasema, nikajiambia, leo Mungu kanisikia.

"Fawziya."

"Labeka."

"Ukurasa unaofuata."

Nikafunua, nikasoma. Sauti haikutetemeka hata kidogo, sijui nguvu niliipata wapi.

Mhadhara ukamalizika, na eda nayo ikamalizika. Kaka yangu Turki akaja na gari kutoka Ibra kunichukua. Zuhair akabeba masanduku yangu mwenyewe, akayapanga vizuri yasigongane. Mlangoni nikajitia kutengeneza shela, nikaifunga nikaifungua, mjinga mie, kumpa nafasi.

"Mungu akuweke," akasema. "Bila yako nisingeumaliza mhadhara."

"Amin," nikajibu. Turki akawasha gari.

Njia nzima sikulia. Tulipofika Ibra nikamwamkia mama shikamoo, akaniitikia marahaba, akanishika mkono kunipeleka ndani. Kitanda changu cha usichana kilikuwa kimetandikwa. Nikamuuliza katandika lini.

"Siku ile ile ulipopiga simu kuwa umeachwa, mwanangu," akasema. "Kila Ijumaa nabadilisha shuka."