Mama Mkwe na Subaru Mbili

Nilipotaka kununua gari, nililinganisha Subaru zote hadi mke wangu Nasike akaniuliza kama ninaoa tena. Legacy ilikuwa chini mno kwa barabara za kwetu Saboti. Outback ilinipendeza, lakini ni ndefu, na njia ya kuingia bomani kwangu ina kona mbaya. Ile Impreza ya mbio, WRX, yenye tundu la hewa juu ya boneti, niliitazama kama mtu aliyefunga anavyotazama nyama choma. Zote zilikuwa za kuvuta kwa magurudumu manne. Lakini mimi ni mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu haingii shuleni na gari linalonguruma. Nikachukua Forester. Iko juu, ina nafasi, ina heshima.

Mwezi uliofuata Mbugua akanunua WRX, ya buluu.

Mbugua ni mwanyumba wangu. Mimi nimemwoa Nasike, yeye kamwoa dada yake, Phelista. Ana duka la mbao mjini Kitale, na hana ubaya na mtu, jambo linalofanya kumchukia kuwe kazi ngumu. Nami nilikuwa naifanya kazi hiyo kwa bidii, na si kwa sababu ya gari peke yake.

Sisi Wabukusu, mwanamume hamkaribii mama mkwe. Hampi mkono, hali naye meza moja, na kupanda naye gari moja ni jambo lisilosemwa. Mama akiniona njiani anageuza uso, nami naingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Mbugua ni Mkikuyu, na hayo hayamhusu. Anafika Kamukuywa, nyumbani kwa mama, anamshika mkono, anamkalisha kiti cha mbele, wanaenda sokoni. Na mama, ambaye uso wake nimeuona mara chache kuliko uso wa gavana, anacheka mpaka anashika mbavu. Niliona wivu, na sioni haya kusema.

Basi ikaja harusi ya binti wa kaka yake mama, huko Cheptais. Kwao bibi harusi hatoki nyumbani mpaka shangazi amshike mkono, kwa hiyo mama hakuweza kuchelewa. Asubuhi tulikutana Kamukuywa. Mama na Phelista wakaingia kwa Mbugua. Mimi nikapakia Nasike, sufuria na kreti za soda.

"Wanyonyi, si wewe unajua hiyo njia?" Mbugua aliniuliza. "Ati huko juu kumenyesha. Hii yangu itapita?"

Nikaangalia tumbo la WRX lilivyokaribiana na ardhi. Niliijua ile njia. Ukiacha lami kuna mlima ambao trekta zimeuchimba mitaro miwili, na katikati limebaki tuta.

"Itapita tu, bana," nikasema. "Si pia yako inavuta na magurudumu nne?"

Nilitaka mama aone kwa macho yake gari lipi ni gari. Hilo tu.

Mlimani WRX ilipanda hatua chache, ikateleza mitaroni, tumbo likakalia tuta. Magurudumu yote manne yakazunguka, matope yakaruka, gari halikusogea. Nikasimamisha Forester nyuma yao, nikashuka polepole, nikiwa na furaha ambayo si ya Kikristo.

Phelista akatoa kichwa dirishani. "Shem, tumechelewa. Si ubebe mama?"

Nasike alinitazama. Yeye hajui kuendesha, na Phelista hajui. Mama alikuwa tayari amejifunika uso kwa leso. Katika hesabu zangu zote nilikuwa nimesahau kitu kimoja, nacho ni mimi mwenyewe. Waliosema mchimba kisima huingia mwenyewe hawakutaja kwamba kisima kina matope.

"Basi nipatie ufunguo," Mbugua akasema, bila ubaya wowote. "Nitawafikisha, nirudie wewe na kamba."

Nikampa. Mama akahama gari huku mimi nimegeukia mahindi, kama inavyopasa. Nilisikia mlango wa gari langu ukifungwa baada yake. Forester ikapita pembeni, ikapanda ule mlima kana kwamba ni uwanja wa mpira. Nikabaki na WRX, ufunguo wake mkononi na viatu vya harusi ndani ya tope.

Baadaye Nasike akapiga simu. Walikuwa wamefika, na bibi harusi alikuwa ametoka.

"Mama amesema nini juu ya gari?"

"Ameambia Mbugua, 'Hii sasa ndiyo gari. Ile ingine uza.'"

"Hukumwambia ni yangu?"

"Anajua."

"Na mimi, amesema nini?"

"Amesema Wanyonyi ana heshima."

Nikakata simu. Mvua ilikuwa imeanza tena, kwa hiyo nikaingia ndani ya WRX. Mbele, kando yangu, niligusa kiti alichokalia mama, nami nikauondoa mkono wangu haraka. Nikawasha gari. Nikakanyaga mafuta kidogo, niisikie tu. Ilinguruma vizuri sana, na hilo ndilo liliniuma kuliko yote.