Jengo Zima

Ukitaka mtu akuchukie bila kumtukana wala kumsengenya, mzimie feni. Karani wa mapokezi hakuyajua hayo siku bosi alipomwita na kumwambia kwamba mita ya umeme ya jengo lao inakimbia kama mwizi, wakubwa wamekasirika, na kwa kuwa meza yake iko karibu na mlango, basi yeye ndiye atakayepita kila ghorofa jioni kuzima kilichoachwa kikiwaka. Kwa nini aliye karibu na mlango ndiye awe wa mwisho kutoka, bosi hakueleza. Ubosi ndio huo.

Lifti aliambiwa asiipande, maana nayo inakula umeme. Basi akawa anazikwea ngazi, mkono mmoja kwenye ukuta, akili iko nyumbani. Alikuwa na mtoto mchanga, wa kwanza, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Asubuhi alimwacha amelala. Jioni, kwa sababu ya huko kuzimazima, alimkuta amelala. Aliyeshinda naye ni wifi yake, na kila siku wifi alikuwa na habari mpya: leo kacheka na pazia, leo kashika mguu wake mwenyewe akautia mdomoni. Mama mtu akawa anasimuliwa mwanawe kama mpira wa redioni.

Na huko juu, vituko. Wahasibu waliweka kiyoyozi baridi ya kuhifadhia samaki, kisha wakavaa masweta, kisha wakafungua dirisha wapate joto. Chumba cha mikutano kilipozwa mchana kutwa, viti vitupu vikipigwa ubaridi kwa heshima zote. Birika la umeme lilichemsha maji ya kikombe kimoja mara tatu kwa sababu mwenye kikombe yuko kwenye simu. Alipozima, watu waliguna. Wakambandika jina la Zimamoto. "Zimamoto kaja, jiokoeni," walisema, wakiinua miguu ili ainame yeye kufikia swichi iliyo chini ya meza zao.

Alichoka mpaka hasira nayo ikachoka, ikamwacha. Akamwendea bosi, akamwomba kazi hiyo ifanywe hata kwa zamu. Bosi akamjibu kwa ile sauti ya upole anayowekewa mtu anayekataliwa: mita ikishuka, tutazungumza.

Ndipo Zimamoto alipopata wazo la stika. Alichapisha neno moja tu, kubwa, jekundu: ZIMA. Akabandika kwenye viyoyozi, printa, skrini, hata feni ya bosi. Jokofu la chumba cha chai peke yake alilisamehe, kwa kuwa humo ndimo alimoweka maziwa aliyojikamulia mchana ndani ya stoo, kati ya maboksi ya karatasi, ili mtoto ayanywe kesho yake. Stika zilisaidia kidogo, mpaka watu walipozizoea. Baadaye wakawa wanatundika makoti juu yake.

Siku moja, muda wa kutoka unakaribia, wifi akapiga simu. Mtoto amekaa. Peke yake, bila mto nyuma. Akamhimiza aje upesi kabla mtoto hajasahau alivyofanya.

Zimamoto akashuka mbio hadi kwa mlinzi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia zamu. Huyu alikuwa mzee wa maneno machache, ambaye ukimwagiza jambo hulitimiza kama sala.

"Shikamoo mzee wangu. Leo nisaidie kuzima. Wala usijisumbue kuwaza, pita tu. Ukiona imeandikwa ZIMA, zima."

"Marahaba. Zote?"

"Zote, mzee. Usibakize."

Njiani alikumbuka kwamba maziwa ameyasahau kwenye jokofu. Akajiambia potelea mbali, yatalala kwenye baridi, atayachukua kesho. Alipofika nyumbani, mtoto kesha kaa, kesha anguka, kesha lia, kesha lala.

Asubuhi jengo lilikuwa kimya kama shule wakati wa likizo. Lifti imekufa, simu ya mezani haina sauti, na wafanyakazi wamejazana mapokezi wakijipepea kwa mafaili.

"Hatuna wifi tangu tumefika," mhasibu mmoja akamlalamikia.

"Mimi ninaye," alijibu Zimamoto, usingizi bado machoni, "lakini yuko na mtoto."

Wakacheka. Yeye alichelewa kuelewa, na alipoelewa hakuwa na nguvu za kuchangia.

Mlinzi hakuwa ameondoka. Alimngoja kwenye korido, mbele ya sanduku la swichi, amesimama kama mtu anayekabidhi bendera. Ndani ya sanduku, fundi wa umeme alikuwa ameandika zamani chini ya kila swichi kazi yake: ghorofa ya kwanza, ghorofa ya pili, lifti. Chini ya ile kubwa kuliko zote, inayoshika umeme wote, aliandika JENGO ZIMA.

"Nimezima zote, mwanangu," mzee alisema. "Hii ya mwisho ilikuwa ngumu kidogo, lakini imeandikwa." Akaweka kidole. "Jengo," akasoma, akavuta pumzi, akamalizia, "zima."

Zimamoto alilitazama lile neno. Angeweza kumweleza kwamba hapo si amri, ni jengo lote kwa jumla. Lakini aliyelimwaga neno hilo kila kona ni yeye, na aliyesema usibakize ni yeye.

"Umefanya nilivyokuagiza, mzee wangu," akasema.

Akaenda kulifungua jokofu. Lilimpumulia vuguvugu usoni. Maziwa yalikuwa yamechacha. Aliyamwaga kwenye sinki huku amefungulia bomba kwa nguvu, ili asiyasikie yakienda.

Bosi aliingia na fundi nyuma yake, na watu wakasogea ukutani kuipisha radi. Fundi akapandisha swichi. Jengo likaguna, likaamka. Bosi akaenda kuisoma mita, akarudi polepole.

"Haijasogea tangu jana jioni," akasema, kama mtu aliyemkuta mwizi amelala.

Akamuuliza fundi kama jokofu, intaneti na taa za mlinzi vinaweza kupewa waya wao pekee. Fundi akasema vinaweza. Basi bosi, kwa sauti ya aliyebuni jambo, akatangaza kwamba tangu sasa mlinzi ndiye atakayeshusha swichi kubwa kila jioni, akishahakikisha lifti ni tupu.

"Na wewe," akamwambia Zimamoto, "uwe unatoka na wenzako. Si nilikuambia tutazungumza?"

Kwa nini macho ya Zimamoto ni mekundu, bosi hakuuliza.

Jioni ambayo waya mpya ulianza kazi, Zimamoto alitoka jua bado limeegemea kuta, chupa baridi ya maziwa ndani ya pochi. Mtoto alikuwa macho, amekaa mkekani. Alimkagua mama yake kama mgeni aliyekuja kuuza kitu, kisha akacheka ufizi wote. Mama akampa kidole ashike, akajilaza ubavuni pake, kidogo tu, anyooshe mgongo.

Wifi alipotoka jikoni na chai, alimkuta mtoto akimvuta mama yake kope. Mama hajibu. Wifi akaita taratibu, akaita tena, kisha akaiweka chai chini.

"Mama yako kazima," akamwambia mtoto. "Mzima mzima."

Akazima taa, akaichukua ile chupa, akambeba mtoto akatoka naye nje.