Njia Iliyohamia Sebuleni

Kila Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wastaafu watatu hukutana kwenye baraza ya duka la dawa, kwa sababu pana benchi. Kikundi kilianza na watu saba. Wanne magoti yao yamegoma, wamebaki kutuma salamu. Mkunga ndiye kiongozi, kwa kuwa amezoea kuwaambia watu wapumue lini. Dereva hutembea upande wa kushoto, hunyoosha mkono kabla ya kukata kona, na kwenye mteremko hupunguza mwendo hata kama hakuna anayekuja. Wa tatu ni Mpimaji, aliyefanya kazi ofisi ya ardhi miaka thelathini na miwili bila kutembea sana. Daktari ndiye aliyemwambia atembee, sukari ilipopanda.

Safari yao ni ile ile. Hupita mashamba ya mahindi, hupanda kilima, huteremka hadi ufukweni, halafu hurudi kwa barabara ya lami. Zamani mashamba na ufukwe viliunganishwa na njia ya miguu ya dakika kumi. Sasa pale katikati pana ukuta mweupe wa mtu mwenye hoteli, na kuuzunguka huchukua saa nzima na robo. Kwa wanaotembea kwa ajili ya afya, hiyo ni faida. Lakini wanawake wa mashambani huenda kuokota chaza maji yanapokupwa, na maji hayamngoji mtu azunguke ukuta. Wakifika, mara nyingi hukuta bahari imesharudi mahali pake. Mdogo wake Mkunga ni mmoja wao. Waliposhtaki, walionyeshwa ramani. Ramani ilisema hapo hapajawahi kuwa na njia, ila kichaka. Chini palikuwa na sahihi ya Mpimaji.

Jambo hilo halizungumzwi matembezini. Wakifika ukutani, Mkunga huuliza habari za magoti, na Dereva hutazama mbele kama aliyesimamishwa na taa nyekundu.

Jumamosi moja, baada ya mvua, Mpimaji aliegemea ukuta ule atoe kijiwe kwenye kiatu. Walipoondoka, njia iliondoka naye. Ilikuwa nyembamba, upana wa watu wawili wanaoelewana, nyasi zimelala kandokando, na ilikuja na jiwe bapa ambalo juu yake wanawake walizoea kutua mizigo yao. Ilimfuata nyuma kwa hatua mbili tatu. Akisimama, nayo inasimama. Dereva ndiye aliyeiona kwanza, kwa kuwa ana mazoea ya kuangalia nyuma.

“Bwana Mpimaji,” alisema, “kuna kitu kinataka kukupita. Kipishe.”

Mpimaji alikipisha. Hakikupita.

Njia ilimfuata kwenye barabara ya lami, ikijibana pembeni magari yalipokuja, ikafika naye nyumbani. Iliingia mlango wa mbele, ikapita sebuleni kati ya kochi na televisheni, ikatokea mlango wa jikoni. Kutoka mashambani sasa inakufikisha mlango wa mbele; ukiufungua huo wa jikoni, hatua nane mbele yako ni mchanga, halafu bahari. Jirani wa nyuma hakusumbuka. Nyumba yake iko pale pale, na kuku wake wanataga kama kawaida.

Mkewe Mpimaji alizitazama nyasi kwenye zulia, akauliza kama itakaa siku nyingi, maana ndiyo kwanza amefua mapazia.

Wanawake walianza kupita kesho yake saa nne asubuhi, maji yalipokupwa. Walikuwa kumi na mmoja, na ndoo na makapu. Kila mmoja alibisha hodi, akavua kandambili, akamsalimu mwenye nyumba, akamwombea afya, akapita. Saa saba walirudi wakidondosha maji ya chumvi, wakasalimu tena. Ni salamu ishirini na mbili kwa siku, na zote zilimwita Baba Mpimaji. Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomkosesha hamu ya kula.

Mkewe alizoea upesi. Alibandika saa za maji kupwa karibu na kalenda, akasogeza kochi, akatandika tambara mlangoni. Wanawake walimwachia fungu la chaza, wakawa wanaitana dada, na kabla wiki haijaisha alikuwa anajua mtoto wa nani ana surua na mume wa nani hajarudi.

Mpimaji alikwenda ofisi ya ardhi kueleza kwamba sebuleni kwake pana njia isiyo yake. Ofisa aliyekalia kiti chake cha zamani alikuwa binti aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe. Alimwamkia kwa heshima, akaagiza chai, akafungua jalada.

“Ramani haina njia, mzee wangu. Wala kwako, wala kule. Na sahihi ni yako.”

“Sahihi yangu naijua.”

“Basi kisichokuwepo siwezi kukiondoa.”

Alimweleza utaratibu. Iko fomu ya ukurasa mmoja. Mpimaji akiandika humo kwamba siku ya kupima hakuikanyaga ardhi aliyoichora, ramani itafutwa, ukuta utatobolewa, na njia itarudi mahali pake. Jina lake nalo litafutwa kwenye ubao ulioko mapokezi, walikoandikwa wapimaji waliotumikia bila kosa. Ubao huo una majina mawili. La pili ni la mtu aliyefariki wiki ya kwanza ya kazi. Kama hataki, iko fomu nyingine: alete ramani ya nyumba yake isiyoonyesha njia, ipigwe muhuri, na kwa upande wa ofisi jambo litakuwa limekwisha.

Jumamosi iliyofuata Mpimaji alitembea na fomu zote mbili mfukoni. Mkunga alikuwa na habari, kwa sababu mke wa Mpimaji alimwambia mdogo wake Mkunga, na huyo mdomo wake hauna kifuniko. Alingoja wafike ufukweni wakae, halafu akamtaka Dereva aeleze siku ile ya kupima ilikuwaje, maana gari la ofisi alikuwa analiendesha yeye.

Dereva hakupenda, lakini alieleza. Mvua ilikuwa inanyesha. Walisimama juu barabarani. Mpimaji alishusha kioo nusu, akatazama chini, akaona majani, akapandisha kioo. Akachora karatasi ikiwa juu ya goti. Injini haikuzimwa.

“Nilikuwa na viatu vipya,” Mpimaji alisema.

Mkunga alimwambia viatu hivyo lazima vimeshachakaa. Mpimaji alikubali kwamba vimechakaa.

“Basi andika, bwana. Mdogo wangu amezunguka ukuta huo miaka sita. Ni ukurasa mmoja tu. Mimi nimejaza fomu ndefu kuliko hiyo, mkono mmoja nimeshika mtoto wa watu.”

Mpimaji aliwauliza kama wanaujua ule ubao wa mapokezi. Mkunga hakuujua. Dereva naye hakuujua, ingawa alikaa mapokezi hayo miaka kumi na tisa akisubiri kutumwa. Mpimaji alisema atafikiria. Mlango wake wa jikoni ulikuwa hatua nane kutoka hapo walipokaa, kwa hiyo walirudi kwa kupitia humo. Mkunga alikung'uta mchanga miguuni kabla ya kuingia.

Alifikiria wiki nzima. Fomu ya kwanza aliijaza hadi kwenye jina. Akalitazama jina, akaona limekaa vizuri, akaishia hapo.

Jumamosi ilipofika hakuonekana kwenye benchi. Mkunga na Dereva walimngoja hadi saa moja na nusu, wakaenda kumwangalia. Walimkuta sebuleni kwenye meza ya chakula, ambayo mkewe alikuwa ameibana ukutani ili watu wapite. Mbele yake palikuwa na karatasi kubwa, rula na kalamu ya wino. Alikuwa anachora nyumba yake. Mlango wa mbele ulikuwepo, jiko lilikuwepo, madirisha yote yalikuwepo. Hakuinuka kupima chochote. Alisema nyumba yake anaijua.

Mkunga, akiwa amesimama katikati ya njia, aliinama begani kwake akatazama.

“Hapa niliposimama mimi ni wapi?”

“Hapo ni sebule.”

Akamwuliza habari za lile jiwe bapa. Mpimaji alisema jiwe linahesabiwa kama samani.

Mkunga alimwambia Dereva waende kabla jua halijawa kali. Dereva alinyoosha mkono kuonyesha wanakata kulia, wakapita jikoni, wakatokea baharini.

Nyuma yao walikuja wanawake, maana maji yalikuwa yamekupwa. Walibisha hodi mmoja mmoja, wakasalimu, wakapita. Mdogo wake Mkunga alikuwa wa mwisho, na kapu lake lilikuwa pana, likagonga kiti.

“Samahani, Baba Mpimaji. Kidogo tu, nipite.”

Mpimaji aliinua kalamu kwenye karatasi, akakunja miguu chini ya kiti mpaka mama yule alipopita, kisha akaendelea. Mstari ulitoka umenyooka.