Maziwa Aliyoshindwa Kuyakataa

Tangu mwanawe Kinyua afe kwa ajali ya barabarani, Murugi alikuwa na kazi moja ambayo hakuiruka. Alikama ng'ombe kungali na ukungu, akachemsha maziwa, akavuka shamba hadi kwa mkaza mwanawe, Wakiuru, na kukaa pale mpaka kikombe kiishe. Kinyua alikuwa amemwacha Wakiuru mjamzito. Mtoto alipozaliwa alipewa jina la babu yake, Munene, basi Murugi akawa anamwita "mzee wangu", vile vile alivyokuwa akimwita marehemu mumewe.

Munene alipoingia mwezi wa pili, nepi zake zilianza kuonyesha ute wenye nyuzinyuzi za damu. Wakiuru alitoka naye kwao Sagana peke yake, akampeleka Nyeri kwa daktari wa watoto, akarudi na kusema tu kwamba wataendelea kumwangalia. Damu haikukoma. Hofu iliyomshika Murugi ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuzika. Safari ya pili alijifunga leso, akasema anakwenda pia.

Daktari aliitwa Safa, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimpima mtoto, kisha akamgeukia Wakiuru.

"Uliacha maziwa ya ng'ombe kama tulivyoongea?"

Wakiuru alimweka mtoto vizuri begani.

"Maziwa gani?" Murugi akauliza. "Mtoto ananyonya tu."

"Shosho, mama akinywa maziwa, kiasi kidogo hufika kwenye titi," daktari akamjibu bibi huyo.

"Ng'ombe yangu iko safi. Hata dairy wanaoyanunua hawajawahi kurudisha maziwa yangu."

"Najua, na maziwa yako hayana kosa," alisema daktari. "Mwili una walinzi, na wengi wao wanakaa tumboni. Kila siku wanapitiwa na vitu vigeni: chakula, na vijidudu vinavyoishi humo bila kutudhuru. Wakipigana na kila kitu, utumbo wote utakuwa kidonda. Kwa hiyo lazima wajifunze cha kuacha kipite, na kati yao kuna wale ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Walinzi wa Munene bado hawajayazoea maziwa ya ng'ombe. Wanayapiga vita, na unaoumia ni utumbo wake mwenyewe."

Murugi akauliza: "Na watayazoea?"

"Wengi wa watoto hawa huyazoea wakifika kama mwaka mmoja. Sasa tunayaondoa, utumbo upone. Baadaye tutayajaribu pole pole, nikiwa naangalia."

Walitoka, wakaketi kwenye benchi nje. Murugi ndiye aliyeanza.

"Ulijua tangu ile safari ya kwanza."

"Nilijua, mama."

"Na bado ukayanywa."

"Ulikuwa unakaa ukiningoja nimalize." Wakiuru aliongea akitazama mikono yake. "Siku niliyotaka kukuambia, ulianza kunieleza vile Kinyua alipenda ile povu ya juu. Nikashindwa. Niliona nikikataa maziwa, utasema nimekukataa wewe. Na huku sina mtu mwingine."

Murugi alitaka kukasirika. Lakini alijua kwamba kweli angesema amekataliwa. Angerudi nyumbani na kikombe chake, aeleze kanisa zima. Alijikuta akilia bila sauti, na hakujifuta.

"Nipe mzee nimbebe," alisema mwishowe.

Kuanzia siku ile maziwa yote yalipelekwa dairy. Kwa kuwa hanywi tena maziwa, Wakiuru alipewa vidonge vya kuimarisha mifupa, akaendelea kunyonyesha. Asubuhi za kwanza zilimchanganya Murugi; alisimama jikoni asijue mikono aipeleke wapi. Kisha akaanza kupika uji mkavu, usio na maziwa.

"Huu umechacha sana, mama," Wakiuru alimwambia siku moja, akaurudisha.

Murugi aliupokea. Ilimuuma, lakini alivumilia, akaumwaga.

Wiki zilipita. Damu ilipungua, ikawa alama, halafu ikakosekana. Munene akaanza kulala usiku. Daktari alisema ni vyema, ila mtoto alikuwa bado mbali kufikisha mwaka, na hakuna aliyeweza kuahidi kwamba atayazoea maziwa.

"Kwani wewe unapenda kula nini?" Murugi aliuliza jioni moja. Hakuwa amewahi kuuliza.

Wakiuru alifikiri. "Viazi vitamu. Lakini vya kuchoma, si vya kuchemsha."

Murugi akainuka, akaenda kutafuta makaa.