Tope Chini ya Nyumba ya Dada

Mtaani walimwita Profesa, ingawa cheo hicho hakuwa nacho. Alipima mitetemo ya ardhi katika ofisi ya jiji, na aliyemfikisha huko ni dada yake, aliyemlea na kumsomesha kwa cherehani baada ya wazazi wao kufariki.

Miaka nenda miaka rudi, ramani ilionyesha mtaa wa dada yake kuwa salama, maana ulikuwa mbali na ufa mkubwa wa ardhi ulioko milimani. Sasa Profesa na wenzake walikuwa wametega vipimo mtaa kwa mtaa, wakakuta jambo jingine. Chini ya nyumba zile kulikuwa na ziwa la kale lililojaa tope, limezungukwa na mwamba kama uji ndani ya bakuli. Bakuli likigongwa hutulia upesi; uji huendelea kucheza. Tetemeko likija, mtaa ule ungetikisika mara tatu zaidi ya mitaa ya kwenye mwamba.

Majibu hayo alikuwa nayo mezani siku dada alipompigia simu.

"Mdogo wangu, tunaongeza ghorofa. Mpwa wako anarudi nyumbani na watoto wake. Wewe ndiye mjuzi wa ardhi, unasemaje?"

Bosi wake alikuwa amekataza matokeo yasitoke kabla hayajapitishwa. Lakini si hilo lililomfunga mdomo. Dada alikuwa na furaha, naye akaona uzito kuizima.

"Jengeni tu, dada."

Siku ya kumwaga zege alikwenda, akala, akashiba, na mafundi wakamtania kwamba tumbo la ofisini halipandi ngazi. Alicheka kuliko wote.

Ripoti ilipopitishwa, wakazi waliitwa kwenye ukumbi wa shule. Profesa akatundika ramani mpya, mtaa mzima umepakwa rangi nyekundu, akaeleza habari za mwamba na tope.

"Si tuliambiwa ufa uko mbali?" akauliza jirani mmoja.

"Uko mbali kweli. Ila tope tunalo hapahapa."

Ndipo dada aliposimama katikati ya majirani zake.

"Hili ulilijua lini?"

Angeweza kudanganya. Lakini macho yale ndiyo yaliyomkagulia madaftari utotoni.

"Kabla hamjamwaga zege," akajibu.

Nyuma mtu akanong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako." Dada alijifunga mtandio vizuri, akamshika mumewe mkono, wakatoka. Profesa alimalizia maelezo yake akiwa ameinamia viatu. Wanasema mwenye aibu hutamani ardhi ipasuke immeze. Yeye, aliyejua kilichomo humo, alitamani vilevile.

Kesho yake alikwenda kwa dada. Kila siku huingia kwa mlango wa jikoni bila hodi. Safari hii dada alimpitisha sebuleni, akamletea chai kwa vikombe vya wageni.

"Karibu, mtaalamu."

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. "Dada, nisamehe. Niliogopa kukuharibia furaha."

"Furaha yangu ungeiharibu siku moja, nikalia, yakaisha. Wewe ukaona heri wajukuu zangu walale juu ya uji." Akasogeza kikombe. "Haya, kifanyike nini?"

"Ghorofa ya juu ivunjwe. Nguzo za chini zikazwe kwa nondo na zege. Nitamleta mhandisi."

"Mlete."

Mhandisi alikuja, akasema yaleyale. Wiki iliyofuata mafundi walianza kubomoa. Profesa akaomba likizo, akavaa glavu za shemeji yake, mume wa dada, akawa anashusha vifusi kwa ndoo. Hakuna aliyemtania. Mpwa wake alipita na watoto kwenda kutafuta chumba cha kupanga mtaa wa pili, akamwamkia "Shikamoo, mjomba" bila kumtazama, naye akaitikia "Marahaba" na kuinua ndoo nyingine.

Mchana majirani wawili walisimama getini, wakimsubiri waulize habari za nyumba zao, ila wakasita.

Dada alitoka na ndoo yake. "Mnaogopa nini? Mwulizeni," akawaambia. "Sasa anasema."

Profesa alivua glavu, akawafuata mpaka kwenye nyumba ya kwanza, uso ukimwaka moto, akaanza kuwaonyesha nguzo.