Mtungi Uliokuwa Umejaa

Mwaka wa pili baada ya uhuru, Hezekiah aliporudi likizo Lurambi kutoka chuo kikuu Nairobi, boma lilijaa watu tangu asubuhi. Nani mwingine wa kijiji kile aliwahi kusoma mbali hivyo? Bibi yake, Navalayo, ambaye wajukuu wote walimwita Kukhu, alimchagua jogoo mwenyewe. Akateka maji pia, akaujaza mtungi wa nyuma ya mlango hadi ukatoka jasho.

Musimbi, dadake Hezekiah wa miaka minne, hakubanduka kwenye gauni la bibi.

"Kukhu, nitegee kitendawili kimoja tu."

"Haya. Nikimlisha anaishi, nikimnywesha anakufa."

"Moto!"

"Ala! Kaka yako hicho kilimsumbua wiki nzima."

Hezekiah alicheka kitini, mguu juu ya mguu. "Nilikuwa nawaza makubwa, Kukhu."

Hakuna aliyeona sufuria ya maji ya kunyonyolea jogoo ilivyopinduka. Walisikia mlio tu. Maji yaliyokuwa yakitokota yalimmwagikia Musimbi mkono wa kulia, tangu kiwiko hadi ncha za vidole.

Navalayo hakungoja kufikiri. Alikwisha chota kata ya maji baridi, mkono uko hewani, Hezekiah akamrukia akamshika.

"Usimmwagie maji, Kukhu! Ngozi itavimba yote."

"Mwanangu, maji ndiyo yanaua moto. Mama yangu alinifanyia hivihivi, na kovu sina."

"Hayo ni ya zamani. Kule bwenini mwenzetu aliungua kwa chai, tukampaka dawa ya meno, akapona. Ngoja."

Akakimbilia sanduku lake. Navalayo akabaki na kata mkononi, mtoto akilia miguuni pake. Jirani yao Erastus, mzee wa kanisa, akamwambia, "Mama, kata yako na chuo kikuu, nani mkubwa? Mwache msomi afanye kazi."

Watu wakacheka, kicheko cha hofu. Navalayo alikuwa ameishia darasa la nne la misheni. Akayarudisha maji mtungini.

Hezekiah akaupaka mkono wote dawa ile nyeupe, akaufunga kwa leso yake, vidole vyote pamoja. Musimbi akasema mkono unapoa. Watu wakaisifu harufu ya dawa. Jogoo akaliwa.

Siku tatu Hezekiah alikataza leso isifunguliwe, eti hewa italeta vijidudu. Siku ya nne leso ilinuka, na mtoto alikuwa akiwaka homa. Wakampakia kwenye baiskeli ya Erastus hadi hospitali. Mwuguzi mmoja, Jescah, aliilowesha leso akaibandua polepole, na ngozi ikaja nayo. Musimbi alilia hadi sauti ikamkauka.

"Nani alimpaka haya?"

Hezekiah, aliyesimama mlangoni, aliangalia viatu vyake.

"Kwani nyumbani hamkuwa na maji baridi?"

"Yalikuwapo," Navalayo akajibu. "Mtungi mzima."

Mwuguzi akaanza kuosha kidonda.

Mkono ulipona, lakini kupona gani huko? Vidole viligandana, kiganja kikajikunja kama jani la mgomba lililopitiwa na moto. Hezekiah alirudi chuoni alfajiri bila kuaga. Barua zake huja, na hakuna hata moja inayoutaja mkono. Watu husema, "Alijaribu, msomi wetu." Navalayo naye hamlaumu. Kijana hakujua. Yeye alijua, na akayarudisha maji mtungini.

Hata vitendawili aliviacha. Jioni moja Musimbi alimjia, akakaa karibu na mafiga.

"Kukhu, siku hizi hutegi. Nikutegee mimi?"

"Nitegee, mama."

"Nikimlisha anaishi, nikimnywesha anakufa."

Navalayo alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo tangu utoto wake, lakini akainama kuchochea kuni. Mtoto alingoja, akachoka.

"Umeshindwa! Nipe mji!"

"Chukua Mumias."

"Mumias haitoshi!"

"Chukua na Shianda. Chukua na Kakamega yote, mama. Chukua yote."

Musimbi akacheka kwa furaha, akanyoosha mkono wa kulia kuipokea miji yake, mkono usiofunguka.